Umeme wa Chini ya Ubao

Ndugu wapiga gitaa, mafundi wa sauti, na nyinyi wazazi mliokuja kuwasindikiza vijana wenu, karibuni sana.

Kabla sijaanza kuzungumza naomba tunyamaze kwa nusu dakika. Gitaa limechomekwa, pedali saba, vile visanduku vya kubadilisha sauti vinavyobonyezwa kwa mguu, zimewashwa, amplifaya iko kwenye kiwango kile kile tunachotumia jukwaani. Sipigi kitu. Sikilizeni.

Mnausikia ule mluzi mwembamba, kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua? Na chini yake mvumo mzito usiokoma? Sasa naondoa waya mmoja tu. Huu hapa, waya wa umeme unaoingia kwenye dilei, pedali inayorudia sauti kama mwangwi. Nauchomoa kwenye mnyororo, ule waya mmoja unaolisha pedali zote, dilei naipa adapta yake peke yake. Sikilizeni tena.

Mluzi umekwisha. Sijagusa gitaa, sijabadilisha kebo wala pedali. Nimebadilisha tu mahali dilei inapokula.

Vijana wengi huniletea ubao wa pedali wakilalamika kwamba pedali fulani ni mbovu, na mara nyingi nakuta pedali ni nzima kabisa. Kasoro iko kwenye namna zinavyolishwa. Mtu hutumia miezi akichagua ovadraivu, pedali ya kukwaruza sauti: anasikiliza, analinganisha, anabishana na wenzake. Akifika kwenye pawasaplai, kifaa cha kuzilisha pedali umeme, anachukua ya kwanza anayoiona ina matundu ya kutosha. Kuhesabu matundu peke yake ndiko kunakotuponza. Pawasaplai huchaguliwa kwa kujua kila pedali inataka nini na kila tundu linatoa nini, moja baada ya nyingine, na hicho ndicho ninachotaka tukifanye pamoja leo.

Kila mwenye pedali mkononi aitazame pale umeme unapoingia. Mtaona mchoro mdogo: doa la katikati, limezungukwa na duara lililo wazi upande mmoja, kama herufi C. Doa lina mstari unaokwenda kwenye alama moja, na ile C ina mstari wake unaokwenda kwenye alama nyingine. Moja ni ya kujumlisha, nyingine ya kutoa. Doa ni pini iliyo ndani ya tundu la pedali. C ni ganda la nje la plagi. Mstari wa doa ukienda kwenye alama ya kutoa, pedali yako ni hasi katikati. Pedali nyingi sana za leo ziko hivyo: hasi katikati, volti 9 za DC (umeme unaokwenda upande mmoja tu), plagi yenye upana wa milimita 5.5 kwa nje na tundu la milimita 2.1. Pedali za BOSS zimeufanya mtindo huu uzoeleke mpaka watu wakadhani ni sheria. Ni mazoea tu, na wapo wasioyafuata, kwa hiyo mchoro ule usomwe kila mara, hata kwa pedali unayodhani unaijua.

Kwa nini 9 na si namba nyingine? Fazi, yaani pedali ya kukwaruza sauti kwa ukali, ya Maestro FZ-1 iliyotoka mwaka 1962 ilitumia betri mbili za volti 1.5. Baadaye watengenezaji wakaihamia ile betri ya mstatili ya volti 9, ambayo ilikuwa imeshaenea kwa sababu ya redio za transista, ikaingia kwenye kasha la pedali bila shida. Tumerithi namba ya redio, na leo hata pedali yenye kompyuta nzima ndani yake inaomba volti 9.

Sasa niseme jambo ambalo likikaa vizuri kichwani, nusu ya hofu zenu zitaondoka. Volti husukumwa na pawasaplai. Ampea huvutwa na pedali. Ukipeleka volti 18 kwenye pedali ya volti 9, haina namna ya kukataa. Itapokea zote 18 na huenda ikaungua. Lakini tundu la miliampea 500 (miliampea ni sehemu ya elfu ya ampea) haliwezi kuilazimisha ovadraivu inayotumia 10 imeze 500. Itachukua 10 zake, zilizobaki zitakaa pale pale zikisubiri mwenyewe. Kwa hiyo volti zilingane, na miliampea za tundu ziwe sawa na za pedali au zizidi. Naulizwa mara kwa mara kama tundu kubwa litaunguza pedali ndogo. Haliunguzi. Shida huja pale tundu dogo linapopewa pedali kubwa.

Hili la volti nililijifunza kwa maumivu. Nilikuwa na pawasaplai yenye swichi chini yake, ndogo kama punje za mchele, za kuchagua volti 9, 12 au 18 kwa kila tundu. Usiku mmoja tulikuwa tunapakia vyombo, ubao ukasuguana na sanduku, swichi moja ikasogea. Kesho yake nikachomeka kila kitu kama kawaida. Taa ya dilei iliwaka kwa ukali ambao sikuwahi kuuona, sekunde moja hivi, kisha ikazimika, na harufu ya kitu kilichoungua ikapanda. Pedali ile nilikuwa nimeidunduliza mwaka mzima. Tangu siku hiyo kila swichi ya namna ile naifunika kwa utepe, na nikitazama pawasaplai mpya nauliza kwanza swichi zake zimekaa wapi: zimezama ndani zikahitaji bisibisi, au zimeachwa nje zipigwe na chochote kinachopita.

Zipo pedali zilizoandikwa zinakubali kuanzia volti 9 hadi 18, na kwenye ovadraivu kadhaa volti zaidi huipa sauti nafasi kubwa kabla haijaanza kukwaruza. Mtengenezaji akiandika hivyo, jaribu. Asipoandika, acha. Ndani mna kapasita ambazo mwisho wake ni volti 16. Mna chipu za kuzidisha volti ambazo haziwezi hata kukaribia hapo. Klon Centaur, ovadraivu ambayo watu huitafuta kwa udi na uvumba, ina chipu ya namna hiyo. Yenyewe hupokea volti 9 na kuziongeza kwa ndani, na mwisho wa ile chipu ni kama volti 10 na kidogo. Mtu akiipa 18 akidhani anaiboresha, ameiua.

Na adapta za zamani zisizodhibiti volti? Zinaweza kuandikwa 9 na zisipokuwa na mzigo zikatoa zaidi ya 12. Pima kabla ya kuamini maandishi.

Tuhesabu ubao huu ulio mbele yenu. Tyuna, ya kulinganisha nyuzi, inatumia miliampea 30. Wawa na fazi, hakuna inayofika 2, lakini tuzipe 2 kila moja. Ovadraivu 8. Korasi 20. Dilei ya dijitali 65. Riverbu ya dijitali, ile ya mwangwi wa ukumbi, 300. Jumla 427. Sasa mtu anakuja na pawasaplai yenye matundu 8, kila moja miliampea 100. Anazidisha, anapata 800, anafurahi: karibu mara mbili ya mahitaji! Lakini riverbu itaingia wapi? Hakuna tundu hata moja linaloweza kuibeba. Matundu mengine yana miliampea 90 na kitu zinazokaa bure, na hayawezi kumpelekea jirani. Ndiyo maana nasema jumla haitoshi. Anza na pedali yenye njaa kuliko zote, mtafutie huyo tundu lake, halafu shuka.

Pedali za dijitali, zile zenye kompyuta ndani, ndizo zenye njaa hiyo. Strymon BigSky inahitaji angalau miliampea 300. Eventide H9 inahitaji 500. Weka hizo mbili kwenye ubao mmoja na pawasaplai nyingi zilizotengenezwa enzi za pedali za analogi zinakuwa hazikufai tena, hata zikiwa imara namna gani. Na nambari iliyoandikwa chini ya pedali usiichukue kama kikomo cha kugusa. Pedali ya dijitali inapowaka inaweza kuvuta zaidi kwa muda mfupi, ndipo itulie. Mimi huacha robo ya uwezo wa tundu ikiwa wazi. Tundu la 400 kwa pedali ya 300, hapo nalala usingizi.

Mtaijuaje pedali inayokosa chakula? Mara chache hukaa kimya. Inawaka, inazima, inajiwasha tena yenyewe. Kioo chake kinapepesa. Inaganda katikati ya wimbo. Au inafanya kazi vizuri mazoezini, kisha inagoma ukibonyeza efekti mbili kwa pamoja. Ile ya mwisho ndiyo huwapeleka watu kwa fundi, na fundi akiichomeka kwenye adapta yake nzuri anaikuta haina ugonjwa.

Kwenye pawasaplai zenye matundu yaliyotenganishwa kweli, matundu mawili madogo yanaweza kuunganishwa kwa kebo maalumu: zipo zinazojumlisha miliampea, na zipo zinazopanga volti 9 mbili zikawa 18. Ni njia nzuri, lakini hizo kebo zinafanana kwa sura. Ziandikeni.

Nimetaja matundu yaliyotenganishwa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ule mluzi ulipotoka.

Ndani ya dilei ya dijitali kuna saa ya kielektroniki inayopiga mamilioni ya mapigo kwa sekunde. Chipu zinazoifuata haziuvuti umeme kwa utulivu kama mtu anayekunywa maji kwa mrija. Zinaudokoa kwa mishtuko. Mkiunganisha pedali zote kwenye mnyororo mmoja, mishtuko hiyo inapita kwenye waya hasi ule ule ambao pedali zote zinautegemea kama sakafu yao. Waya una ukinzani kidogo, kwa hiyo sakafu inatetemeka. Ovadraivu yako haijui kama mtetemo huo umetoka kwenye nyuzi au kwenye saa ya jirani. Kazi yake ni kukuza kila kinachofika, inaukuza. Tena kuna kitanzi. Pedali mbili zimeshikana kwa waya hasi wa umeme, na zimeshikana pia kwa ganda la kebo ya sauti. Njia mbili kati ya sehemu mbili ni duara, na duara la waya hunasa mvumo wa umeme wa ukutani, Hezi 50 au 60 kutegemea nchi. Ule mvumo mzito mliousikia chini ya mluzi, sehemu yake ilitoka huko.

Kutenganisha maana yake ni kwamba kila tundu lina umeme wake, hasi yake na chanya yake, bila waya unaoliunganisha na tundu la pili. Ama kila moja limesukiwa nyuzi zake kwenye transfoma, ama kila moja lina kibadilishi chake kidogo. Hayo ndiyo mnayolipia. Kasha linang'aa na taa za buluu, lakini ukilifungua ukakuta hasi zote zimeshikana, umenunua mnyororo uliofungwa ndani ya sanduku.

Wauzaji hulitumia neno hili ovyo, kwa hiyo jifunzeni kupima. Chomoa pawasaplai ukutani. Chomoa pedali zote, usisahau hata moja, maana kebo za sauti zinaunganisha hasi zote na zitakudanganya. Weka multimita, kile kipimo cha umeme, kwenye ile sehemu inayolia waya mzima unapoguswa. Gusa ganda la nje la plagi ya tundu la kwanza kwa ncha moja, ganda la tundu la pili kwa ncha nyingine. Ikilia, hayakutenganishwa. Ikinyamaza na kioo kikaonyesha njia imekatika, mko salama. Zungukeni matundu yote, kwa sababu zipo zilizotenganisha manne na kuyaacha mengine pamoja.

Simaanishi kwamba kila mtu anahitaji hiyo. Mwenye tyuna, ovadraivu mbili na korasi ya analogi anaweza kutumia adapta moja nzuri, yenye volti zilizodhibitiwa, na mnyororo, akapiga miaka bila kusikia kitu. Kijana mwenye pedali tatu asikope pesa kwa sababu ya hotuba yangu. Siku atakapoongeza pedali ya kwanza ya dijitali, hapo asikilize, kama tulivyosikiliza leo.

Isipokuwa pedali moja, na hiyo naitaja kwa nguvu: fazi za mtindo wa kale zenye transista za jeramani (germanium, si nchi ya Ujerumani). Nyingi za Fuzz Face za mwanzo, zile za mwaka 1966 na kuendelea, zimefungwa kinyume; kasha lao limeshikana na chanya. Fazi iliyo kwenye ubao huu ni ya silikoni, imefungwa kama wenzake, haina tatizo. Lakini ile ya jeramani ukiitia kwenye mnyororo na nyingine, chanya ya adapta inakutana na hasi kupitia ganda la kebo ya sauti. Ni shoti. Hiyo ipewe tundu lililotenganishwa na waya unaogeuza ncha, au ipewe betri.

Na betri msiidharau. Kwa pedali ndogo bado ni chanzo kisafi kuliko vyote, maana haijui lolote kuhusu ukuta. Betri ya alkali ya volti 9 hubeba kama miliampea-saa 500. Fazi ya miliampea 2 itaishi nayo siku nyingi. Riverbu ya 300 haifiki saa mbili. Wapo wapiga gitaa wanaotafuta betri za kawaida za zinki na kaboni kwa ajili ya fazi, na masikio yao hayawadanganyi: betri ile ina ukinzani mkubwa zaidi ndani yake, volti hulegea unapopiga kwa nguvu, na sauti hulegea pamoja nazo. Pawasaplai kadhaa zimewekewa kitasa cha kuiga ulegevu huo. Kumbukeni tu kwamba plagi ya gitaa ndiyo swichi ya betri. Ikilala imechomekwa, betri huendelea kuliwa usiku kucha.

Kuhusu pawasaplai za transfoma nzito dhidi ya zile nyepesi za kuswichi, zinazowasha na kuzima umeme kwa kasi, ubishi ni mkubwa kuliko tofauti. Zamani za kuswichi zilikuwa na kelele, na bado za bei ya chini kabisa zinazo. Zilizotengenezwa vizuri leo ni kimya. Anayesafiri achague ya kuswichi inayokubali volti 100 hadi 240, maana transfoma iliyosukwa kwa volti 120 ukiichomeka kwenye 230 umeipoteza. Anayependa transfoma aangalie wawa. Ndani ya wawa kuna koili, na koili iliyo juu ya transfoma hunasa uga wake wa sumaku na kuvuma. Njooni baadaye niwaonyeshe: naiinua wawa hii, naisogeza kiganja kimoja kulia, mvumo unapungua, naizungusha kidogo, unapotea. Kabla hujatoboa ubao kufunga pawasaplai, ishike kwa mkono chini yake, washa kila kitu, itembeze mpaka upate mahali pa utulivu. Ni dakika kumi za kazi.

Wenye Line 6 DL4 ya awali, au DigiTech Whammy kabla ya ile ya tano, someni adapta zenu. Hizo ni pedali zinazotaka volti 9 za AC, umeme unaogeuza mwelekeo kama ule wa ukutani. Plagi inaweza kuingia bila kulalamika kwenye pedali ya DC, na madhara yakatokea. Bakini na adapta iliyokuja nayo, au tafuteni pawasaplai yenye tundu la AC lililoandikwa wazi.

Nimebakiwa na jambo moja, na hili nalisema polepole.

Mtu akichoka na mvumo, atakuja mwenzake amwambie avunje pini ya ethi, ile ya usalama inayopeleka umeme ardhini, kwenye plagi, au aifunge kwa utepe. Mvumo unaweza kuisha kweli. Tarehe 3 Mei 1972, kwenye jukwaa huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows aligusa maikrofoni na gitaa likiwa mikononi mwake, na umeme ukamuua mbele ya mashabiki. Vifaa havikuwa na ethi sawasawa. Nyuzi za gitaa lako zimeungana na kasha la amplifaya, na maikrofoni imeungana na mfumo mwingine wa sauti. Hitilafu ikitokea kwenye kimojawapo na ethi haipo, njia ya umeme ni kupitia mkono wako, kifua chako, mdomo wako. Mvumo una dawa nyingi: tundu lililotenganishwa, transfoma ya sauti kati ya ubao na amplifaya, kuchomeka vyombo vyote kwenye chanzo kimoja cha ukutani. Ethi msiiguse. Nawaomba kama ndugu yenu.

Nimeleta multimita mbili, na waya niliokata na kuuunga tena ili tuweze kupima miliampea halisi za kila pedali wakati inafanya kazi, badala ya kuamini kibandiko. Leteni mbao zenu hapa mezani. Tuanze na yule kijana wa nyuma mwenye pedali kumi na adapta moja.